Hukumu ya baki ya mkopo wa nyumba Uingereza, iliyotolewa nikiwa Mombasa: je, inaweza kutenguliwa?

Mwana wa Likoni

Ndugu wanajamvi, ninaomba mawazo ya wenye uzoefu wa sheria za England, kwa kuwa jambo hili limetokea huku na litaamuliwa kwa sheria za huku. Mwaka 2006 mimi na mke wangu tulinunua nyumba mjini Coventry kwa mkopo wa benki. Mei 2009 kiwanda nilichokuwa nikifanya kazi kilipunguza wafanyakazi, nasi tukaanza kushindwa kulipa rejesho la kila mwezi. Mahakama ilitoa amri ya kutwaliwa kwa nyumba Machi 2010, tukaondolewa Septemba, na benki ikaiuza kwa mnada Februari 2011 kwa pauni 96,000, wakati deni lilikuwa pauni 139,000 kabla ya gharama za mawakili na za mnada. Baada ya hapo tulipanga fleti papo hapo Coventry hadi 2013, kisha tukarudi Mombasa na kuishi huko hadi 2023, tuliporejea tena kwa ajili ya watoto.

Juzi wakala wa nyumba za kupanga amenikataa, akaniambia kwamba jina langu lina CCJ, yaani hukumu ya madai ya mahakama ya kaunti. Nimelipia upekuzi katika daftari la hukumu linalotunzwa na Registry Trust, nikakuta ni kweli: hukumu ya Januari 2022, pauni 61,000, na anwani iliyoandikwa ni ile fleti tuliyoihama 2013. Nilipopiga simu kituo cha mahakama cha Northampton nikaambiwa kuwa mdai si benki bali ni kampuni iliyonunua deni, kwamba shauri lilifunguliwa Novemba 2021, na kwamba hukumu ilitolewa upande mmoja kwa sababu sikujibu. Ningejibuje samansi ambayo sikuiona, nikiwa Likoni?

Ninauliza mambo mawili. Kwanza, je, deni la nyumba iliyouzwa 2011 linaweza kudaiwa 2021? Pili, hukumu hii ninaiondoa kwa njia gani, na ninaanzia wapi?

Sauti ya Reading

Pole sana, ndugu. Kwa ninavyofahamu, madeni ya Uingereza hufa baada ya miaka sita. Waandikie kwamba muda umepita, na ukiona wanaleta ukaidi usiwajibu tena. Hukumu yenyewe hufutika kwenye daftari baada ya miaka sita, kwa hiyo ifikapo Januari 2028 utakuwa huru.

Binti Makunduchi

Ndugu Mwana wa Likoni, pole kwa yaliyokufika. Ninajitolea katika kituo cha ushauri wa madeni, na mashauri ya namna hii tumeyaona mara nyingi, hasa ya watu waliorudi nyumbani kwa miaka kadhaa. Niruhusu nianze kwa kumsahihisha ndugu yetu wa Reading, maana ushauri wake unaweza kukugharimu.

Miaka sita ni ya madeni ya kawaida, kama kadi za benki. Deni lililowekewa rehani ya nyumba lina utaratibu wake katika kifungu cha 20 cha Sheria ya Ukomo ya mwaka 1980: deni la msingi hudaiwa ndani ya miaka 12, na riba ndani ya miaka sita. Wengi walidhani kwamba nyumba ikishauzwa rehani imekwisha, na kwa hiyo miaka 12 imekwisha nayo, lakini Mahakama ya Rufani iliikataa hoja hiyo mwaka 2002 katika shauri la Bristol and West dhidi ya Bartlett. Vilevile, kufutika katika daftari hakuifuti hukumu. Baada ya miaka sita mdai anaweza kuiomba mahakama idhini ya kutuma madalali kukaza hukumu, yaani kuitekeleza. Idhini hiyo haitolewi kirahisi, lakini ipo.

Swali lako kubwa ni hili: hiyo miaka 12 inahesabiwa tangu lini? Wakopeshaji wengi walizoea kuhesabu tangu siku ya mauzo. Mwaka 2005 House of Lords, iliyokuwa mahakama ya juu kabisa wakati huo, iliamua vinginevyo katika shauri la West Bromwich Building Society dhidi ya Wilkinson. Nyumba ile iliuzwa 1990 na dai likafunguliwa 2002. Majaji wake walisema kwamba muda huanza kukimbia siku mkopeshaji anapopata haki ya kudai deni zima kwa mujibu wa hati ya rehani, na kwa kawaida hati husema haki hiyo hupatikana pale mkopaji anapochelewesha rejesho kwa mwezi mmoja au miwili. Mauzo hayaanzishi saa upya. Dai la Wilkinson likawa limechelewa.

Kwako wewe, ikiwa rejesho la Mei 2009 halikulipwa na hati yako ina sharti la namna hiyo, saa ilianza kati ya Juni na Julai 2009, na miaka 12 ilitimia katikati ya 2021. Dai lilifunguliwa Novemba. Kwa hesabu hiyo walichelewa kwa miezi michache tu, na miezi michache inatosha.

Usifurahi bado, kwa sababu ninataka majibu ya maswali matatu. Je, baada ya Mei 2009 kuna yeyote kati yenu aliyelipa chochote, hata kidogo? Je, kuna barua au baruapepe yoyote mliyoandika kukiri deni? Na je, ile amri ya Machi 2010 ilikuwa ya kutwaa nyumba peke yake, au ilikuwa pia na hukumu ya fedha? Jambo la tatu watu hulisahau: benki nyingi huomba vyote viwili siku hiyo hiyo, na kama hukumu ya fedha ilishatolewa 2010 mbele ya jaji, basi njia ya kuipinga ni nyingine kabisa.

Mwana wa Likoni

Ahsante sana, dada. Amri ya 2010 ninayo, na inazungumzia kutwaliwa kwa nyumba na gharama tu; hakuna kiasi cha deni nilichoamriwa kulipa. Barua ya kukiri hatukuandika kamwe, kwa kuwa baada ya kutolewa katika nyumba hatukutaka hata kulisikia jina la benki hiyo.

Kuhusu malipo, mke wangu alilipa pauni 800 kutoka katika akaunti yake wiki moja kabla ya kusikilizwa shauri, Machi 2010, tukitumaini jaji angetuonea huruma. Lakini alilipa yeye, si mimi, na hukumu ya 2022 ni ya jina langu peke yangu. Je, malipo yake yananihusu?

Binti Makunduchi

Yanakuhusu. Malipo ya sehemu ya deni huanzisha saa upya, na kifungu cha 31 kinasema kwamba malipo ya mdaiwa mmoja huwafunga wote wanaodaiwa deni hilo. Lingekuwa jambo la barua ya kukiri, ingemfunga aliyeiandika tu. Kwa hiyo miaka 12 yako inahesabiwa tangu Machi 2010, na dai la Novemba 2021 lilifunguliwa miezi minne hivi kabla ya muda kwisha. Zile pauni 800 ndizo zilizowaokoa.

Riba ni habari nyingine. Riba iliyolimbikizwa hadi nyumba ilipouzwa 2011, na yoyote waliyoiongeza kabla ya Novemba 2015, imepitwa na miaka sita. Watakujibu kwamba riba iliingizwa katika deni la msingi kila ilipopaswa kulipwa, ndiyo maana inabidi uisome hati ya rehani na kudai mchanganuo wa pauni 61,000: msingi kiasi gani, riba kiasi gani, mawakili kiasi gani. Tofauti ya 139,000 na 96,000 ni 43,000, hivyo kuna pauni 18,000 zinazohitaji maelezo.

Ushike pia neno moja la kukutuliza: malipo huongeza muda ambao bado unakimbia, hayafufui deni ambalo muda wake umekwisha. Utaona baadaye kwa nini ninalisema. Kwa sasa wewe na mkeo msilipe hata pauni moja na msitie saini chochote, hata kama watakupigia simu kwa sauti ya upole na kukuomba uonyeshe nia njema.

Karani wa Milimani

Salamu kutoka Nairobi. Sitaingilia sheria ya Uingereza, ila ninaona mfanano. Hapa Kenya hukumu ya upande mmoja hupingwa kwa Amri ya 10, kanuni ya 11, na mahakama zetu hutofautisha hukumu iliyotolewa kihalali na ile isiyo halali. Ikiwa mdaiwa alifikishiwa samansi ipasavyo akanyamaza, kutengua ni hiari ya jaji, naye ataangalia kama kuna utetezi wa maana, kwa misingi ya Shah dhidi ya Mbogo ya mwaka 1967. Lakini ikiwa samansi haikumfikia, hukumu hutenguliwa kwa haki wala si kwa hisani, hata kama utetezi ni dhaifu.

Jambo la pili ni bei ya mnada. Kwetu kifungu cha 97 cha Sheria ya Ardhi ya 2012 kinasema kwamba mali ikiuzwa kwa bei iliyo chini ya thamani ya soko kwa asilimia 25 au zaidi, hudhaniwa kwamba mkopeshaji hakutimiza wajibu wake wa kutafuta bei bora, naye ndiye anayepaswa kujieleza. Je, huko hakuna kinga kama hiyo? Pauni 96,000 katika deni la 139,000 inatia shaka.

Binti Makunduchi

Ahsante, Karani. Wajibu upo, ila mzigo wa kuthibitisha umewekwa kwa mkopaji. Tangu Cuckmere Brick mwaka 1971, shauri la kiwanja kilichotangazwa kuuzwa bila kutaja kibali chake cha kujenga fleti, mkopeshaji anatakiwa achukue tahadhari ya kutosha apate bei halisi ya soko. Hata hivyo, wakati wa kuuza anauchagua mwenyewe, na kuuza kwa mnada peke yake si kosa. Mwaka 2011 bei za nyumba zilikuwa bado hazijapona baada ya msukosuko wa 2008, kwa hiyo kulinganisha na deni hakusaidii. Linganisha na nyumba za mtaa huo huo zilizouzwa miezi ile ile. Bei hizo zimo katika kumbukumbu za HM Land Registry, na kuzitazama hakuna malipo. Kama za jirani ziliuzwa kwa 120,000 au zaidi, una hoja. Kama ni 100,000, iache.

Mfanano alioutaja Karani ndio kiini cha shauri hili, nami ninaomba, ndugu Mwana wa Likoni, usome aya zinazofuata polepole.

Kanuni za mashauri ya madai za England zina milango miwili ya kutengua hukumu. Kanuni ya 13.3 ni mlango wa hiari: unaonyesha kwamba una nafasi ya kweli ya kushinda, au kuna sababu nyingine nzuri, na jaji anatazama kama uliomba upesi baada ya kujua. Tangu 2023 Mahakama ya Rufani imethibitisha kwamba hapo jaji hupima pia kwa mizani ya shauri la Denton: uzito wa kosa, sababu yake, na mazingira yote. Kanuni ya 13.2 ni mlango wa lazima: hukumu ikitolewa kabla ya muda wa kujibu kwisha, jaji hana hiari, ni lazima aitengue. Na muda wa kujibu hauanzi kukimbia mpaka hati ya madai iwe imefikishwa kwa njia inayokubalika.

Je, ilifikishwa? Kanuni ya 6.9 inaruhusu hati kutumwa kwa posta katika makazi ya mwisho ya mdaiwa yanayojulikana, hata kama hakuiona, na kampuni za kununua madeni hujificha hapo. Lakini ibara ya tatu ya kanuni hiyo inasema kwamba mdai mwenye sababu ya kuamini kuwa mdaiwa ameshahama ni lazima achukue hatua za kutosha kutafuta anwani ya sasa. Ninyi mliondoka 2013, wao walituma 2021. Tunachohitaji ni karatasi inayoonyesha kwamba walijua, au walipaswa kujua.

Karatasi hiyo imo katika majalada yao. Iandikie kampuni hiyo, na benki pia, ukiomba taarifa zako zote binafsi kwa sheria ya ulinzi wa taarifa; ni bure, na wanapaswa kujibu ndani ya mwezi mmoja. Lakini usisubiri majibu ndipo uende mahakamani. Huo mwezi unaotaka kusubiri ndio jaji atakaouulizia. Jaza fomu N244, ambayo ndiyo fomu ya maombi kwa mahakama, wiki hii, ambatanisha maelezo yako yenye tamko la ukweli, mihuri ya pasipoti, mkataba wa kumaliza kupanga fleti ile, na risiti za shule za watoto Mombasa. Ada inazidi pauni 300, ila mwenye kipato kidogo anaweza kuomba msamaha wa ada kwa fomu EX160. Yatakayokuja baadaye utayaongeza kwa maelezo ya pili.

Sauti ya Reading

Nimekubali kusahihishwa kuhusu miaka. Lakini nina swali la kweli: akifanikiwa kuitengua, si watamshtaki upya tu, safari hii kwa anwani sahihi? Atakuwa amelipa zaidi ya pauni 300 kununua miezi sita ya usingizi.

Pia nimesikia kwamba mikopo ile ilikuwa na bima iliyolipa benki hasara. Kama bima ililipa, wanamdai nini?

Binti Makunduchi

Bima hiyo iliikinga benki, haikumkinga mkopaji, ingawa mara nyingi ni mkopaji aliyeilipia. Kampuni ya bima ikishalipa huvaa viatu vya benki na kumdai mkopaji kiasi hicho hicho. Hakuna utetezi hapo.

Swali lako la kwanza ndilo swali lenyewe, na jibu linategemea mlango anaopitia. Akipita mlango wa hiari, hukumu inaondoka lakini shauri la 2021 linabaki hai, naye atawasilisha utetezi kuhusu riba na bei ya mauzo. Huenda pauni 61,000 zikapungua sana, lakini deni la msingi litabaki. Akipita mlango wa lazima kwa sababu hati haikufikishwa, jambo linakuwa kubwa zaidi. Hati ya madai inayotumwa ndani ya England ina uhai wa miezi minne tangu itolewe. Ya Novemba 2021 ilikwisha uhai Machi 2022, na kama haikufikishwa ipasavyo ndani ya muda huo, mdai hawezi kuituma tena leo. Itabidi afungue shauri jipya, na shauri jipya litakutana na miaka 12 iliyotimia Machi 2022.

Ndiyo maana katika N244 hoja ya kutofikishiwa hati itangulie, na rasimu ya utetezi iambatanishwe kama hoja ya akiba, kwa maneno ya wazi kwamba kuiambatanisha si kukubali kuwa hati ilifika. Nimeona watu wakiandika utetezi mrefu juu ya bei ya mnada, wakailipua kwa mkono wao hoja iliyokuwa na nguvu kuliko zote.

Mwana wa Likoni

Ndugu zangu, ninaleta taarifa. Nilipeleka ombi siku nne baada ya maelezo ya dada, kwa msaada wa Central England Law Centre, kituo cha msaada wa sheria hapa Coventry, na tarehe ya kusikilizwa imepangwa. Sasa majalada yamefika, ya benki na ya kampuni.

Katika jalada la benki kuna nakala ya barua ya Mei 2011 inayotutaarifu kwamba benki inakusudia kudai tofauti ya mauzo. Siikumbuki, lakini ipo, na anwani ni ya fleti tuliyokuwa tukiishi wakati huo. Nilikuwa nimesoma kwamba benki ikikaa miaka sita baada ya mauzo bila kutoa taarifa inakuwa imevunja kanuni.

Katika jalada la kampuni kuna barua ya Agosti 2019 waliyotuma fleti ile ile, ikarudishwa na posta. Karani wao ameandika katika kumbukumbu kwamba mdaiwa hakai hapo. Baada ya hapo hakuna kitu mpaka Oktoba 2021, ambapo kumbukumbu inasema tu shauri lipelekwe kwa mawakili, anwani ile ile.

Binti Makunduchi

Hoja ya miaka sita iondoe kabisa. Kanuni hiyo, inayotumika tangu Oktoba 2004, inaitaka benki ikutaarifu ndani ya miaka sita tangu mauzo, mitano kwa Scotland. Haiitaki ifungue shauri ndani ya muda huo. Barua ya Mei 2011 inaitimiza. Ukiendelea kuishikilia mbele ya jaji utaonekana unatapatapa, na hata ingekuwa imevunjwa, ingekupa nafasi ya kulalamika kwa Financial Ombudsman, msuluhishi wa malalamiko dhidi ya benki, wala deni lisingefutika kwa hilo peke yake.

Barua ya Agosti 2019 ndiyo uliyokuwa ukiihitaji. Walijua kwamba umehama, miaka miwili kabla ya kufungua shauri, na kwa kumbukumbu zao wenyewe hawakupiga hatua hata moja ya kukutafuta. Andika maelezo ya pili mafupi, kurasa mbili zinatosha, uambatanishe barua hiyo na ukurasa wa kumbukumbu, uyapeleke mahakamani na kwa mawakili wao mapema, si asubuhi ya kusikilizwa. Tarajia wao kumwomba jaji ahesabu kwamba kutuma pale kulitosha, au aiokoe hati kwa amri maalumu. Kwa ombi la pili wanahitaji sababu nzuri, na kutojishughulisha si sababu nzuri.

Usishangae pia mawakili wao wakikuandikia kabla ya siku hiyo wakipendekeza hukumu itenguliwe kwa makubaliano, kila upande ujilipie gharama zake, na wewe uwasilishe utetezi ndani ya siku 14. Inasikika kama ushindi, lakini ukitia saini maneno hayo umekubali kwamba shauri la 2021 liko hai. Mwonyeshe mwanasheria wa kituo kila rasimu kabla ya kujibu.

Mwana wa Likoni

Rasimu ya namna hiyo imefika leo asubuhi, karibu neno kwa neno, nami nimeipeleka kituoni bila kuijibu. Swali langu la mwisho: mwajiri wangu amepokea fomu kutoka mahakamani kuhusu kukatwa mshahara. Je, kusubiri tarehe ya kusikilizwa kunazuia makato?

Binti Makunduchi

Hakuzuii. Kupeleka N244 hakusimamishi kukaza hukumu mpaka jaji aamuru hivyo. Waambie kituoni leo hii waandike kuomba utekelezaji usimamishwe hadi ombi lisikilizwe, wakiambatanisha barua ya Agosti 2019 na hiyo rasimu ya mawakili, kwa kuwa mdai ambaye mwenyewe amependekeza hukumu itenguliwe atapata tabu kueleza kwa nini anataka mshahara wako ukatwe kwa hukumu hiyo hiyo. Fomu iliyokuja kwa jina lako kuhusu kipato na matumizi ijaze na uirudishe ndani ya siku zilizoandikwa juu yake, maana kutoijibu ni kosa la kujitegemea ambalo halitapona kwa kushinda ombi.